Kijana wa Mafunzo Katika Ngitili

Leo tunazungumza habari za ngitili, na hasa habari za vijana wanaoletwa vijijini kujifunza kazi ya kutunza misitu. Wengine hutoka Chuo cha Misitu Olmotonyi, wengine Chuo cha Nyuki Tabora, na wengine huletwa na vyama vya kujitolea. Hukaa miezi miwili mitatu, halafu huondoka. Je, kijiji chako hubaki na nini?

Ninyi wa Isaka na Kahama ngitili mnaijua. Ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, majani yakue, kisha hufunguliwa kiangazi kikikaza ili ng'ombe wapate kula. Wazee wanakumbuka pia jinsi ilivyopotea. Miti ilifyekwa kuwafukuza mbung'o, pamba ikapanuka, na wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970 wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliodumu hadi 2004. Ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Miti hiyo yote haikupandwa kwa jembe. Sehemu kubwa ilirudi yenyewe kwa kuwa mizizi ya zamani ilikuwa bado hai chini ya udongo. Watu walipofunga eneo, visiki vikachipua.

Basi kijana akifika na miche ya mikaratusi, anataka kuchimba mashimo katikati ya ngitili, usimgombeze. Mwambie, "Mwanangu, hebu tuhesabu kwanza." Pigeni vigingi vinne, kila upande meta 20. Hesabuni visiki vinavyochipua pamoja na miche iliyoota yenyewe. Tuseme mmepata 40. Zidisheni kwa 25, maana viwanja 25 vya namna hiyo ni hekta moja. Jibu ni 1,000. Mahali kama hapo hakuna haja ya kununua mche hata mmoja! Fanyeni hivyo sehemu tatu nne tofauti, si pale penye miti mizuri tu.

Kazi inayofuata ni kupunguza machipukizi. Kisiki cha mgunga hutoa machipukizi mengi, yanagombania maji, na hakuna linalonenepa. Acheni mawili au matatu yaliyonyooka. Mengine yakatwe wakati wa kiangazi kwa panga kali, kwa mshazari, maji yasituame kwenye kidonda. Miiba iliyokatwa msiichome, izungushieni kisiki ili mbuzi wasifike. Njia ya moto nayo ilimwe mvua zinapokwisha tu, kabla majani hayajakauka. Mwezi wa Agosti mmechelewa.

Kama aliyeletwa ni binti, na siku hizi wapo wengi, aende pia na akina mama wanaookota kuni. Huko atajua mambo ambayo kikao cha kijiji hakitamwambia: kuni zimesogea umbali gani, na nani anakata mti mbichi usiku.

Sasa tusikilizane vizuri. Isaka ni mahali pa reli na malori, na gunia la mkaa halikosi mnunuzi. Mnunuzi akija mkutanoni akasema, "Ndugu zangu, miti hii ni mingi, tukikata kidogo haitapungua," mtamjibu nini? Maneno matupu hayatoshi. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia, na sungusungu wanaweza kulinda. Lakini kijiji kisichojua kilikuwa na miti mingapi mwaka jana hakiwezi kuonyesha kwamba imepungua.

Hesabu hiyo huwa katika daftari la kijana wa mafunzo, naye huondoka nalo chuoni akaandikie ripoti yake. Simlaumu, ndivyo alivyoagizwa. Kwa hiyo mwenyekiti amwambie mapema, siku ya kwanza, kwamba yataandikwa madaftari mawili, na moja litakaa ofisi ya kijiji: tarehe, mahali pa kila kiwanja, na idadi. Kijana wa kijijini aliyemaliza shule ashike upande mmoja wa kamba tangu mwanzo, ili mwakani apime mwenyewe. Vigingi huliwa na mchwa, kwa hiyo wekeni mawe makubwa kwenye pembe.

Kipindi kijacho tutaeleza namna ya kutundika mizinga ya nyuki ndani ya ngitili. Kwaherini.