Vumbi la Unga Jikoni: Kazi ya Alfajiri Isiyo na Mkaguzi

Wafanyakazi wenzetu wa viwandani na mashambani hawana haja ya kufundishwa habari za vumbi. Aliyepata kufanya kazi katika idara ya kuchana pamba anaijua ile homa ya Jumatatu, kifua kinapobana siku ya kwanza ya juma baada ya mapumziko. Anayepakia majani makavu ya chai anajua jinsi koo linavyowasha. Lakini wengi wetu tukirudi nyumbani tunalala chini ya paa moja na kazi nyingine ya vumbi, nayo huanza saa kumi alfajiri, wala hatuiiti kazi. Mama anachekecha unga wa ngano, anakanda, anasukuma na kukaanga, ili jua likichomoza awe na ndoo ya maandazi ya kupeleka sokoni.

Habari hii inatoka Nakivale, wilayani Isingiro, na mji wa Mbarara. Makao ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958, nayo ni miongoni mwa makao ya zamani kabisa barani Afrika. Wanaishi humo watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na katika soko la Base Camp lugha inayowaunganisha wengi wao ni hii yetu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kufanya biashara. Ruhusa hiyo imekuwa jambo la kufa na kupona tangu posho ilipoanza kupunguzwa. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Mwenye kishamba akashika jembe. Asiye nacho akatafuta kibarua, au akakopa mfuko wa unga, mafuta na hamira.

Ndiyo maana kila kona kuna meza ya maandazi, sambusa na chapati. Na ukienda Mbarara utakuta chapati hiyo hiyo ikikunjwa na mayai, chakula kiitwacho rolex, ambacho vibarua wengi hula kabla ya zamu. Kibanda ni kidogo, unga uko wazi, na sigiri iko palepale.

Mwenzetu mmoja, mpakuzi wa mizigo katika kiwanda fulani mjini Mbarara, alitueleza habari za mke wake anayeishi Nakivale na watoto watano. Tulipomtembelea mama huyo tulikuta jiko la mabati lenye mlango mmoja na kidirisha kisichozidi ukubwa wa kitabu. Amekaanga maandazi kwa muda wa miaka minne. Mwaka wa kwanza hakuona neno. Mwaka wa pili akaanza kupiga chafya kila alipofungua mfuko wa unga, macho yakimwasha na pua ikitiririka. Akadhani ni mafua yasiyokwisha. Mwaka wa tatu kikohozi kikashuka kifuani, na usiku akawa anapumua kwa mlio kama wa filimbi.

Majirani hawakukosa maneno. Wengine walisema ni kifua kikuu, wakaacha kununua kwake. Mmoja alisema ni mkono wa mshindani wake wa biashara. Alipimwa makohozi mara mbili, hakuonekana na kifua kikuu. Katika zahanati moja aliulizwa kama anavuta sigara. "Nikamjibu, hapana daktari, mimi sijawahi kuvuta tumbaku. Mimi napika maandazi tu." Akapewa dawa ya kikohozi, akaenda zake. Neno lenyewe alilitamka kwa kinywa chake, lakini hapakuwa na mtu wa kulidaka.

Aliyelidaka ni mume wake. Dada wa mama huyo alifariki mjini Mbarara, naye akakaa matangani majuma mawili bila kugusa unga. Kikohozi kikatoweka. Aliporudi Nakivale akafungua mfuko mpya, na siku ya tatu filimbi ikarudi kifuani. Mume, mtu wa kiwandani, akakumbuka wenzake wa idara yenye vumbi ambao hupona wakiwa likizoni na kuugua wakirudi zamu.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Mwaka 1700 tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alichapa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na humo akawaandika waoka mikate na wasaga nafaka: jinsi unga unavyowaingia puani na kooni, wakakohoa na kukosa pumzi. Leo waganga huuita pumu ya waokaji. Huko Afrika Kusini watafiti waliwachunguza wafanyakazi zaidi ya 500 wa majiko ya kuoka mikate katika maduka makubwa, nao wakakuta kwamba katika kila watu 100, wapatao 13 walikuwa na pumu iliyoletwa na kazi hiyo. Tukumbuke kuwa hao walikuwa na majiko ya kisasa.

Yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuwashwa. Vumbi lolote likiwa jingi huwasha pua na koo la mtu yeyote, nalo likiondoka mtu anatulia. La pili ni mwili kuuchukia unga. Baada ya miezi au miaka ya kuvuta vumbi hilo, damu ya baadhi ya watu hujifunza kuutambua unga wa ngano kama adui. Hapo hata kiasi kidogo, ambacho jirani hakihisi, huamsha pua, kisha kifua. Aghalabu pua hutangulia. Kwa hiyo chafya za kila alfajiri mbele ya mfuko wa unga si jambo la kuchekwa. Ni onyo linalokuja wakati kifua bado kizima.

Wala si ngano peke yake. Unga wa soya na wa shayiri hufanya hivyo hivyo. Tena viwanda vingine huchanganya katika unga vichachusho vilivyotengenezwa kutokana na ukungu, ili mkate uumuke vizuri, na mojawapo kiitwacho amilesi kinajulikana sana kwa kuamsha pumu ya waokaji. Mama hawezi kukiona wala kukinusa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mtu huyo huyo aghalabu hula andazi lake bila taabu yoyote. Madhara yapo katika kuuvuta unga mkavu kwa pua.

Nchi zenyewe hazikubaliani juu ya kiasi kinachovumilika. Uingereza imeweka kikomo cha miligramu 10 za vumbi la unga katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8. Baraza la wataalamu wa usafi wa kazi la Marekani linashauri isizidi nusu miligramu, yaani mara 20 chini yake. Huko Nakivale hapana anayepima, na zamu ya mama si ya saa 8.

Juu ya hayo kuna moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokayo hasa katika kuni, makaa na mafuta ya taa, iliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kifua kilichokwisha kuchubuliwa na moshi hakina nguvu ya kupambana na vumbi. Hii nayo ni sababu inayofanya unga usishukiwe: kila mtu anaulaumu moshi, ambao unaonekana.

Ni nini basi kinachoweza kufanywa na mtu asiye na fedha za kununua mashine? Tuangalie kwanza vumbi linatoka wapi. Unga uliokwisha loa hautoi vumbi. Vumbi hutoka katika dakika chache tu za kazi: kumimina kutoka mfukoni, kuchekecha, kuchanganya kukiwa bado kukavu, kunyunyiza unga juu ya ubao, kukung'uta mfuko mtupu, na kufagia. Mama wa Nakivale alikuwa akimimina kutoka usawa wa kifua, na wingu likimpanda usoni. Sasa anaingiza mdomo wa mfuko ndani ya beseni na kuuinua polepole, na maji anayatia mapema. Ubao wa chapati anaupaka mafuta badala ya kurusha unga kwa mkono, na anasema chapati hazikuharibika hata kidogo. Sakafu anaipangusa kwa kitambaa kibichi. Mfuko mtupu anaukunja taratibu nje ya nyumba, haukung'uti. Na beseni la kukandia amelitoa jikoni, liko barazani, mbali na moshi. Katika maduka yale ya Afrika Kusini, kufunika mashine ya kukandia na kuwafundisha watu namna ya kushika unga kulipunguza vumbi. Beseni nalo laweza kufunikwa kwa kitambaa kibichi.

Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii chembe ndogo, ingawa kinampa mtu moyo. Barakoa ya kuzuia vumbi inayobana vizuri usoni husaidia, lakini ni ya dakika zile za kufungua mfuko, isiwe kisingizio cha kuacha vumbi litambe.

Anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi hana budi kupimwa kifua kikuu kwanza, awe mwokaji au asiwe. Kama hana, asirudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi tu. Achukue daftari la mtoto la shule, aandike kwa mwezi mmoja siku alizokanda na siku alizopumzika, na jinsi kifua kilivyokuwa asubuhi na usiku. Daftari hilo amwonyeshe mganga, na neno "unga" alitaje yeye mwenyewe bila kungoja kuulizwa. Kuna kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi. Kikitumiwa mara nne kwa siku, siku za kazi na siku za mapumziko, huonyesha wazi kama kazi ndiyo inayobana kifua. Yule mama alipelekwa hatimaye katika hospitali kubwa mjini Mbarara, akapewa dawa mbili za kuvuta: moja ya kufungua kifua, na nyingine ya kutuliza uvimbe wa ndani, ya kila siku hata akijisikia mzima. Wengi hupenda ile ya kwanza kwa sababu nafuu yake ni ya papo hapo, wakaiacha ya pili. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu imeacha kushauri ile ya kwanza itumiwe peke yake.

Sasa tuje kwenye chama. Uganda inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 na wakaguzi wake, na ipo sheria ya fidia kwa mfanyakazi anayeumizwa na kazi ya mwajiri. Mama anayekanda unga wake mwenyewe amdai nani? Mwaka 1972 huko Ahmedabad, India, wanawake wachuuzi na wa kazi za nyumbani waliomba kuandikisha chama chao, SEWA. Msajili akasita, akisema hakuna chama bila mwajiri wa kupambana naye. Wakamjibu kwamba chama ni umoja wa wafanya kazi, si lazima kiwe dhidi ya mtu. Wakaandikishwa mwaka huo huo. Matawi yetu ya Mbarara yana wajumbe wa usalama waliofunzwa habari za vumbi kiwandani, na wengi wao wana wake, mama na dada wenye meza ya chapati. Hakuna kifungu kinachomzuia mjumbe kufundisha yale yale barazani kwa jirani yake.

Mama wa Nakivale hajaacha kazi. Amepunguza chapati, ameongeza karanga za kukaanga na chai, na ngano anaikanda siku nne badala ya saba. Mapato yamepungua. Mfuko mpya hafungui yeye tena. Mume akija Jumamosi anaubeba hadi nyuma ya nyumba, anaangalia upepo unavuma kutoka upande gani, kisha anaufungua na kugawa unga katika ndoo tatu zenye vifuniko.