Utangulizi: Elimu ya Kurudi Nyuma

Tarehe 27 Juni 1981, katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, Marekani, wanaume 12 walicheza mchezo wa kwanza wa peintiboli. Mshindi, Ritchie White, alikuwa mzoefu wa kazi za msituni. Alikusanya bendera zote zilizotakiwa bila kufyatua risasi hata moja. Namkaribisha msomaji kwa kisa hicho ili tuachane mapema na dhana kwamba mchezo huu ni wa kupiga tu. Kutopigwa nako ni ufundi, na tawi lake gumu kuliko yote ni kurudi nyuma mambo yakiharibika.

Methali ya kunguru mwoga akimbizaye ubawa wake haitufikishi mbali, maana kunguru yule yuko peke yake. Mchezaji ana wenzake, na akitimka kimyakimya anawaachia ubavu wazi. Ndiyo maana somo letu huanza na watu wawili: mmoja anakimwagia risasi kizuizi cha wapinzani ili wasiinue vichwa, mwenzake anakimbilia kificho cha nyuma, kisha wanapokezana. Anayekimbia atazame anakokwenda. Kwenda kinyumenyume huku ukifyatua kunapendeza kwenye sinema, lakini msituni kuna mizizi. Barakoa nayo haivuliwi hata ukidhani umeshasalimika: viwanja vingi huruhusu risasi ya rangi iende hadi futi 300 kwa sekunde, na hakuna jicho la kuhimili hilo.

Suala zito zaidi ni wakati wa kuondoka. Wengi huamua wakiwa wameshazungukwa. Dalili hutangulia: risasi zinatoka pembe mpya, mwenzako wa pembeni amenyamaza, bunduki imekuwa nyepesi mkononi. Anayengoja hiyo ya tatu hana tena cha kumlindia mwenzake.

Hapa historia ya vita inatufaa. Desemba 1915, huko Gallipoli, wanajeshi wa Australia na New Zealand waliondoka usiku katika mahandaki ya Anzac, wakiacha bunduki zilizotegwa kwa makopo ya maji yanayodondoka. Zikawa zinajifyatua zenyewe, na Waturuki wakaendelea kusikia milio. Sisi hatutegi makopo, ila jambo ni lilelile: mlio usikatike ghafla, kwani ukimya huwaita wapinzani mbio. Jinsi watu wawili wanavyoweza kusikika kama wanne tutaiona katika sura ya tatu. Sura ya kwanza inahusu kuchagua kificho cha pili kabla hujaingia cha kwanza.