Lori Limepoteza Nguvu: Tusome Taa Kabla ya Kuagiza Spea

Mpunga umevunwa. Umepurwa, umekaushwa na kufungwa katika magunia. Lori limekuja Kilangali, limepakia, limeondoka. Kabla halijafika mbali taa ya njano inawaka mbele ya dereva. Lori linaanza kukosa nguvu. Kwenye kilima linatambaa kama kinyonga. Injini inanguruma vizuri, haina joto kali, oili ipo, dizeli ipo. Lakini gari limegoma.

Zamani fundi angesema pampu imekufa au nozeli zimeziba. Siku hizi huenda ugonjwa hauko kwenye injini kabisa. Huenda uko kwenye bomba la moshi, yaani ekzosi. Watu wengi hawajui jambo hili. Kwa sababu hawalijui, wanaagiza spea isiyohusika, wanasubiri wiki kadhaa, na ikifika lori linabaki palepale.

Leo tutaeleza vyombo hivi vya kusafisha moshi ni nini, kwa nini vinaharibika, na kwa nini spea zake zinachelewa. Tutaona pia kuwa mtu anayejua kusoma na kuandika anaweza kuufupisha muda huo wa kusubiri.

MOSHI WA DIZELI UNA NINI?

Moshi wa dizeli una vitu vingi vibaya. Tutaje viwili. Cha kwanza ni masizi, yale meusi yanayofanana na ya chungu cha jikoni. Masizi hutokea pale dizeli isipoungua yote. Cha pili hakionekani vizuri kwa macho. Ni hewa chafu ziitwazo oksidi za naitrojeni. Hizi hutokea pale moto ndani ya injini unapokuwa mkali sana. Huwasha koo na kuumiza mapafu.

Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo moshi mweusi siyo jambo la kukera macho tu. Fikiri juu ya mama anayeuza matunda Mikumi, pembeni ya barabara kuu iendayo Zambia. Malori yanapita mbele yake mchana na usiku. Moshi huo ndio hewa anayovuta yeye na mtoto aliye mgongoni.

Nchi za Ulaya ziliweka sheria za kupunguza moshi wa malori kuanzia miaka ya 1990 mwanzoni. Sheria hizo huitwa Euro, na kila hatua ina namba yake. Hatua ya Euro 6 ilianza kwa malori mapya mwaka 2013. Malori hayo yakizeeka kule, mengi huuzwa nje kama mitumba. Mengine huja kwetu. Yanakuja pamoja na vyombo vyake vya kusafisha moshi.

VYOMBO VITATU

Chombo cha kwanza ni vali ya kurudisha moshi. Vali hii huchukua sehemu ya moshi na kuurudisha ndani ya injini. Kazi yake ni kupunguza ukali wa moto, ili oksidi za naitrojeni zipungue. Adui yake ni masizi. Yakijaa, vali hukwama.

Chombo cha pili ni chujio la masizi. Limekaa ndani ya ekzosi. Linanasa masizi kama vile chujio la chai linavyonasa majani. Likianza kujaa, lori huyachoma masizi hayo lenyewe, kwa joto linaloweza kufika nyuzi 600. Lakini ili joto hilo lipatikane, kwa kawaida lori linahitaji kutembea kwa nguvu na kwa muda. Lori linalounguruma kwa saa nyingi likiwa limesimama, au linalokwenda safari fupi fupi kila siku, halipati joto hilo. Chujio linaziba. Pia oili ya injini isiyo ya aina yake huacha majivu ndani ya chujio. Majivu hayaungui. Ni lazima chujio lifunguliwe na kusafishwa na fundi mwenye vifaa.

Chombo cha tatu ndicho kigeni zaidi. Hiki hutumia dawa maalumu iitwayo AdBlue. Dawa hii ina tanki lake dogo, na mara nyingi kifuniko chake ni cha buluu. Ndani yake kuna nini? Ni yurea asilimia 32.5, na iliyobaki ni maji safi sana. Ndiyo, ni yurea, jina lile lile tunalolijua sisi wakulima wa mpunga. Dawa hunyunyizwa ndani ya ekzosi yenye joto. Inageuka kuwa amonia. Amonia inakutana na zile oksidi za naitrojeni ndani ya boksi la kichocheo. Kinachotoka ni naitrojeni na mvuke wa maji, vitu ambavyo havina madhara.

KWA NINI LORI LINAJIPUNGUZIA NGUVU?

Vyombo hivi vinalindwa na sensa. Sensa ni kama pua. Moja inanusa moshi kabla haujasafishwa, nyingine inanusa baada ya kusafishwa. Nyingine inapima AdBlue kwenye tanki. Zote zinapeleka habari kwenye kompyuta ya lori.

Kompyuta ikiambiwa kuwa moshi hausafishwi, inawasha taa. Dereva akipuuza, inapunguza nguvu ya injini. Akizidi kupuuza, lori la Euro 6 linaweza kubanwa lisizidi kilometa 20 kwa saa. Injini haijafa. Imefungwa breki na sheria ya Ulaya iliyoandikwa ndani ya kompyuta.

Hebu tupige hesabu. Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 300. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, safari hiyo ni saa 15 bila kupumzika. Hakuna tajiri wa lori atakayekubali. Lori litaegeshwa, na magunia yetu yatakuwa juu yake.

USIKOROGE YUREA YA SHAMBANI

Hapa tunatoa onyo. Mtu anaweza kusema, "Kumbe ni yurea tu! Ninayo mfuko mzima nyumbani. Nitakoroga na maji ya mto, nijaze tanki." Jamani, usifanye hivyo. Yurea ya mbolea haikutengenezwa kwa kazi hii. Ina vitu vingine ndani yake. Maji ya mto na ya kisima yana chumvi na madini. Vitu hivyo huziba nozeli ya kunyunyizia na kuharibu kichocheo. Ulitaka kuokoa bei ya dumu moja, utalipa bei ya boksi zima.

Nunua dumu lililoandikwa ISO 22241. Hiyo ndiyo alama ya ubora wa dawa hii. Soma tarehe yake. Dawa hii haipendi joto. Ikihifadhiwa kwenye nyuzi 30 hukaa kama mwaka mmoja. Kwenye nyuzi 35 hukaa kama miezi 6 tu. Kwa hiyo dumu lililoanikwa juani dukani usilinunue. Na tena, usiitie AdBlue kwenye tanki la dizeli, wala dizeli kwenye tanki la AdBlue. Ukikosea, usiwashe gari. Ita fundi.

Lori linahitaji AdBlue kiasi gani? Kwa wastani kama lita 5 kwa kila lita 100 za dizeli. Lori likichoma lita 300 za dizeli, tayarisha lita 15.

DIZELI NAYO

Dizeli yenye salfa nyingi huharibu vyombo hivi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuwa kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika sehemu milioni moja. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo Ulaya kiwango ni sehemu 10 tu, na malori ya Euro 6 yalitengenezwa kwa dizeli hiyo.

Tunakumbuka pia neno "kuchakachua". Watu walichanganya dizeli na mafuta ya taa ili wapate faida. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili wachakachuaji wakamatwe. Kwa hiyo usinunue dizeli ya madumu ambayo hujui ilikotoka. Nunua kituoni na udai risiti.

KWA NINI SPEA ZINACHELEWA?

Wazee wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Malori yalilala kwa kukosa matairi na vipuri, na mazao yalibaki vijijini. Wakati ule nchi ilikuwa haina fedha za kigeni. Leo tatizo ni la namna nyingine. Pesa inaweza kuwepo mfukoni, lakini spea yenyewe haipo dukani.

Duka la spea la wilayani linaweka vitu vinavyotoka kila siku: filta, bitana za breki, spring'i, mikanda. Sensa ya moshi haiwekwi, kwa sababu ni ghali na kila aina ya lori ina yake. Hata Dar es Salaam, kwenye maduka ya Gerezani na Kariakoo, unaweza kuikosa ya lori lako. Basi inaagizwa nje. Kwa ndege ni siku, lakini nauli ni kubwa. Kwa meli ni wiki nyingi. Tena tangu mwishoni mwa mwaka 2023 kampuni nyingi za meli ziliikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi. Meli zilizunguka kusini mwa Afrika, na safari zikawa ndefu zaidi.

Tusidhani kuwa ni sisi tu tunaopata shida hii. Mwaka 2021 China ilibana kuuza yurea nje. Korea Kusini ikakosa dawa ya malori, hata serikali yake ikatuma ndege ya jeshi kwenda kuichukua Australia. Nchini Marekani wenye malori walilalamika miaka mingi kuhusu malori kupoteza nguvu ghafla. Mwezi wa Agosti 2025 serikali yao iliwaelekeza watengenezaji wabadilishe programu za kompyuta, ili dereva apate muda zaidi wa kutengeneza kabla lori halijabanwa.

Kuna wenye malori waliochoka kusubiri. Wanamlipa fundi aikate ekzosi, atoe chujio na kuidanganya kompyuta. Ni kweli lori linaondoka siku hiyo hiyo, ndiyo maana wengi wanashawishika. Lakini gharama haikufutwa. Imehamishwa kutoka mfukoni mwa tajiri kwenda kwenye mapafu ya yule mama wa Mikumi.

KALAMU NI SPANA

Sehemu moja ya kusubiri inatokana na umbali. Hiyo hatuwezi kuifupisha. Sehemu nyingine inatokana na kuagiza kitu kisicho sahihi. Hiyo tunaweza. Taa ikiwaka, fuata hatua hizi:

1. Soma taa na maneno yaliyo mbele ya dereva. Yaandike kama yalivyo.

2. Tazama tanki la AdBlue. Huenda imekwisha tu. Tazama na tarehe ya dumu.

3. Kagua fyuzi na nyaya zinazokwenda kwenye ekzosi. Tope, maji na panya huharibu nyaya. Mara nyingine sensa ni nzima, waya ndio umekatika.

4. Mwite fundi mwenye kompyuta ya kupimia. Atapata namba ya kosa. Iandike.

5. Usinunue sensa kwa sababu tu namba imeitaja sensa. Mwambie fundi apime kwanza sensa yenyewe, waya na pampu.

6. Nakili namba iliyochapwa kwenye spea na namba ya chesisi ya lori. Piga picha kwa simu, umpelekee muuzaji. Tarakimu moja ikikosewa, itakuja spea nyingine.

7. Muulize muuzaji: itafika lini? Itahitaji kuingizwa kwenye kompyuta ya lori? Nani atafanya kazi hiyo? Jibu liwe kwa maandishi.

NA SISI WENYE MAGUNIA JE?

Tuseme kikundi chenu kinakodi lori. Kabla ya kupakia, mwombe dereva awashe gari. Je, taa ya njano inabaki inawaka? Je, lina AdBlue ya safari? Andikeni mkataba mfupi. Lori likikwama, nani atalipa lori la pili la kuhamishia mzigo, na baada ya siku ngapi? Msilipe nauli yote mwanzoni. Lipeni iliyobaki mzigo ukifika.

Kausheni mpunga vizuri, unyevu usizidi kama asilimia 14, kwa sababu mpunga mbichi hauwezi kusubiri spea. Hakikisheni kuna turubai zima. Magunia yakishushwa njiani yapangwe juu ya magogo, yasiguse udongo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Taa ya njano ndiyo ufa wenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja vyombo vitatu vya kusafisha moshi wa lori.

2. Kwa nini tusitumie yurea ya mbolea kwenye tanki la AdBlue?

3. Lori litachoma lita 240 za dizeli. Litahitaji AdBlue lita ngapi?

4. Andikeni pamoja mkataba wa kukodi lori wa msimu ujao. Wekeni kifungu cha lori kukwama njiani.