Roketi Ikisharuka, Kiwanda Kielekee Wapi?

Je, wajua kwamba katika mchezo wa kompyuta wa Factorio mtu anaweza kutangazwa mshindi, kisha akaendelea kujenga bila mwisho? Mchezo huu umetengenezwa na Wube Software, kampuni ya Prague katika Jamhuri ya Cheki, na toleo la 1.0 lilitoka Agosti 2020. Mchezaji huanza peke yake kwenye sayari ngeni baada ya chombo chake kuanguka, akichimba chuma kwa mkono. Baadaye anakuwa na tanuri, mikanda ya kusafirishia, treni na mitambo ya kusafisha mafuta, hadi anarusha roketi. Roketi ikiruka, ushindi umepatikana. Utamu wa mchezo, kwa maoni yangu, unaanzia hapo.

Wapo wanaorudi mwanzo na kujiwekea masharti: kurusha roketi ndani ya saa 8, au kuimaliza safari nzima bila kuunda kwa mkono vitu zaidi ya 111. Hayo ni majaribio mazuri ya ustadi, lakini yanakiacha kile kiwanda cha kwanza kikiwa kimekufa. Lengo linalokipa uhai ni kasi: maabara zako zinatumia chupa ngapi za sayansi, zile zinazolipia utafiti, kila dakika?

Chupa hizo zina rangi saba. Nyeupe hupatikana kwa kurusha setilaiti, na kila setilaiti huleta 1,000. Ndiyo maana wajenzi wengi huchagua kiwango cha 1,000 kwa dakika, maana yake roketi moja kila dakika, saa baada ya saa. Katika toleo la 1.0 roketi ina sehemu 100, na kila sehemu inahitaji vipande 10 vya muundo mwepesi, mbali na fueli na vidhibiti. Kipande kimoja hula bamba 20 za shaba. Piga hesabu: bamba 20,000 kwa dakika, kwa kipengele hicho kimoja tu. Mkanda wa bluu hubeba vitu 45 kwa sekunde, kwa hiyo bila moduli za kuongeza tija utahitaji zaidi ya mikanda saba iliyojaa shaba. Hesabu ya namna hii ndiyo inayonivuta. Lengo moja lililoandikwa kwa tarakimu linakuambia uchimbe wapi, reli ipite wapi na umeme utoke wapi.

Chupa nazo haziishiwi kazi, kwa sababu kuna tafiti zisizo na kikomo. Utafiti wa tija ya uchimbaji, kwa mfano, huongeza asilimia 10 kila ngazi, na kila ngazi ni ghali kuliko iliyopita.

Kikomo hutoka kwingine kabisa: kwenye kompyuta. Mchezo huhesabu upya ulimwengu wake mara 60 kila sekunde, na kiwanda kikizidi uwezo wa prosesa na memori, muda ndani ya mchezo huanza kujikokota. Mjenzi sasa anachagua vifaa kwa mzigo wa hesabu vinaouleta. Anang'oa vinu vya nyuklia, vyenye mvuke na mabomba, na kutandaza paneli za sola, kwa kuwa paneli huhesabiwa kwa pamoja na karibu hazina uzito. Anapanga mashine zikabidhiane bidhaa kwa mkono wa mashine, bila mkanda katikati. Wadudu wa sayari, wanaovutwa na uchafuzi wa hewa, anawafagia mbali au anaanza mchezo akiwa amewazima. Sijui mchezo mwingine unaomfundisha mtu wa kawaida kufikiri kama mhandisi wa programu bila kumwandikisha darasani.

Nyongeza ya Space Age, iliyotoka Oktoba 2024, ilileta sayari nne mpya na kuusogeza ushindi hadi ukingo wa mfumo wa jua. Lakini ukifika ukingoni, njia haijakatika. Mbele kuna sayari iliyopasuka, umbali wa kilomita 4,000,000, na mvua ya vimondo huzidi kadiri chombo kinavyosonga. Humo ndimo hupatikana promethiamu, malighafi ya chupa ya mwisho. Chupa hiyo hufungua utafiti mmoja usio na kikomo, na kazi yake ni kuzipa maabara tija zaidi, ili tafiti nyingine zote ziende haraka.