Mke Ameacha Vidonge, Mbona Siku Zake Hazionekani?

Askari arudipo likizo baada ya miezi mingi mpakani, mara nyingine hukuta nyumbani jambo ambalo hakulitarajia. Yeye na mkewe walikwisha kupatana kwamba wakati wa kupata mtoto umewadia, na mama huyo akaacha kumeza vidonge vya majira. Sasa miezi miwili imepita naye hajaingia mwezini. Majirani wa kambini hunong'ona kwamba vidonge vimeunguza kizazi. Mume naye, akikumbuka kwamba alikuwa mbali, huanza kudhani kuwa mimba imeingia nyumbani bila yeye. Kwa dhana hiyo wake wamepigwa, na wengine wamefukuzwa usiku pamoja na watoto wao.

Yafaa jambo lenyewe lieleweke. Vidonge hivi, ambavyo viliruhusiwa kwanza huko Marekani mwaka 1960, huzuia yai lisipevuke. Damu ambayo mwanamke huiona kila mwezi akiwa anavimeza si hedhi halisi. Hutoka kwa sababu dawa imesimamishwa kwa siku chache. Kwa hiyo hata yule ambaye tangu usichana wake siku zake zilikuwa za kurukaruka, akimeza vidonge huonekana ana utaratibu mzuri kama gwaride. Aviachapo, hali yake ya zamani hurejea, na lawama zote huangukia vidonge.

Kwa wanawake wengi hedhi hurudi katika majuma machache. Miezi mitatu ikipita bado si ajabu. Sindano ya miezi mitatu ni habari nyingine: aliyeitumia aweza kungoja hata mwaka mzima ndipo ashike mimba. Wala hakuna dawa ya kuharakisha jambo hili miongoni mwa zile zinazotembezwa milangoni siku ya mshahara.

Lakini tusisahau kwamba yai hutangulia damu kwa kadiri ya majuma mawili. Mwanamke aweza kushika mimba kabla hajaiona hedhi hata moja. Hivyo mume akisha kurudi na majuma matatu yakapita tangu walipolala pamoja, kipimo cha mkojo kirudiwe, ijapokuwa cha kwanza kilisema hapana.

Miezi mitatu ikitimia bila hedhi wala mimba, aende kwa daktari. Asingoje muda huo ikiwa maziwa yanamtoka naye hanyonyeshi, au amekonda sana, au ndevu zinamwota, au shingo imevimba. Damu yake itapimwa, kwani tezi ya shingo na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo zaweza kuzuia hedhi, na aghalabu hutibika.

Mume naye afuatane naye, akapimwe mbegu zake, jambo ambalo wengi wetu wenye sare huliona kama kuvuliwa cheo. Kasoro ya mume huhusika katika karibu nusu ya nyumba zinazokosa mtoto.

Madaktari husema mume na mke wajaribu mwaka mmoja kabla ya kuchunguzwa, au miezi sita ikiwa mke amepita umri wa miaka 35. Mwaka huo ni wa kukaa pamoja. Aliyekuwa mpakani miezi tisa amejaribu miezi mitatu tu, na hesabu hiyo amweleze daktari mwenyewe.