Kitanda cha Hospitali na Shahada ya Usanifu

Fundi seremala hutengeneza kitanda bila ya kupita Chuo Kikuu, na kitanda chake hulaliwa miaka ishirini. Si ajabu basi kwamba mzazi anayeambiwa mwanawe ameomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika usanifu wa vifaa huuliza: humo kuna nini cha kutafitiwa? Swali hilo ni la haki. Hata maprofesa wa Ulaya waliliuliza, na mojawapo ya majibu yake yenye uzito lilipatikana katika wodi za hospitali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chuo cha Royal College of Art, kilichoanzishwa London mwaka 1837, kilimkabidhi Bruce Archer utafiti wa vifaa vya hospitali, chini ya Profesa Misha Black. Archer alikuwa na elimu ya uhandisi wa mitambo. Shida zilizochaguliwa zilikuwa nne: chombo cha kutupia bendeji zilizochafuka, makosa ya kuwapa wagonjwa dawa zisizo zao, milango ya kuzuia moshi, na vitanda, ambavyo vilikuwa vya namna nyingi mno.

Tuangalie kwanza ule mlango. Moto ukizuka, mlango wa kuzuia moshi hauna budi kuwa umefungwa. Lakini wauguzi hupita hapo mara nyingi kwa siku wakisukuma vigari, kwa hiyo huuwekea kitu cha kuuzuia usijifunge. Msimamizi wa hospitali angebandika tangazo la kukataza. Msanifu huona kwamba kosa ni la mlango, si la muuguzi. Ufumbuzi ulikuwa sumaku ya umeme inayoushikilia mlango ukiwa wazi. Kengele ya hatari ikilia, umeme wa sumaku hukatika na mlango hujifunga wenyewe. Shida ya dawa nayo ilitatuliwa kwa kigari chenye kufuli, kinachosukumwa hadi alipolala mgonjwa, na ambacho kisipotumika hufungwa ukutani kwa mnyororo.

Kitanda kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu mahitaji ya watu yalipingana. Mgonjwa hutaka kitanda cha chini ili miguu yake ifike sakafuni. Muuguzi hutaka kilichoinuka ili asiumie mgongo anapomgeuza mgonjwa. Daktari huhitaji pengine kukiinamisha upande wa kichwa bila kuchelewa. Mhasibu naye hutaka kisiwe cha gharama kubwa. Kazi ya utafiti ilikuwa kuyaorodhesha mahitaji hayo yote, kutazama wodini ni yapi ya kweli na ni yapi ya mazoea tu, na kupima lipi liweze kulegezwa bila kumdhuru mtu. Kenneth Agnew alisanifu kitanda kinachopandishwa na kushushwa kwa kanyagio la mguu, na mifano ya majaribio ikatumiwa katika hospitali ya Chase Farm, kaskazini ya London. Sifa zinazotakiwa zilichapishwa mwaka 1967, na vitanda vya namna hiyo vikaenea katika hospitali za Uingereza.

Mwaka huo huo chuo kilipata hati ya kifalme ya kutoa shahada zake chenyewe, na mwaka 1968 Archer alitunukiwa shahada ya udaktari. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Tasnifu yake haikuwa kitanda. Ilihusu muundo wa hatua za usanifu, yaani jinsi msanifu anavyotoka kwenye shida hadi kwenye umbo, na jinsi mwingine anavyoweza kuzikagua hatua hizo. Kitanda kizuri huwafaa wanaokilalia. Maelezo ya namna kilivyofikiriwa huweza kumfaa hata asanifuye jembe. Si wote walioridhika na mawazo haya, na katikati ya miaka ya 1980 idara aliyoiongoza Archer ilifungwa.

Mwaka 1993 Christopher Frayling wa chuo hicho alipambanua utafiti wa namna tatu: juu ya usanifu, kama historia yake, kwa njia ya usanifu, ambapo kutengeneza kwenyewe ndiko kuchunguza, na kwa ajili ya usanifu, ambapo maarifa hukusanywa ili kifaa kipatikane. Ni namna ya pili inayowasumbua watahini hadi leo. Mwanafunzi huleta kifaa kinachofanya kazi vizuri, akaulizwa amegundua nini, akanyamaza. Hakuandika majaribio yaliyoshindikana, na pengine elimu ilikuwa humo.

Afrika ya Mashariki haikosi mada. Jiko la makaa lenye kiuno chembamba, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lilichanganya jiko la bati la kienyeji na wazo la jiko la ndoo la Thailand. Sehemu ya udongo uliochomwa imewekwa nusu ya juu tu, na kiuno huishikilia. Anayekusudia kuomba nafasi ya uzamili angeweza kuanza hapo: kwa nini udongo hupasuka, mafundi wa bati hubadili vipimo gani wanapotengeneza kwa makisio ya macho, na ni mabadiliko yapi kati ya hayo yanayopoteza makaa ya mpishi.