Fahamu: Nani atasimamia utalii visiwa vya Wabajuni?
Koyama, Ngumi, Chovai, Chula: visiwa vya Wabajuni, jamii ya pwani ya Somalia na Kenya, vimejipanga mstari kusini mwa Kismayu, Somalia. Vina matumbawe, magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachunguza miaka ya 1960. Watalii ni wa kuhesabu, kwa sababu ya usalama.

Swali la usimamizi, hata hivyo, halingoji amani. Katiba ya muda ya Somalia ya 2012 iliiachia serikali kuu mambo manne tu: mambo ya nje, ulinzi, uraia na uhamiaji, na sera ya fedha. Mengine, utalii ukiwemo, yaliachwa yajadiliwe na majimbo. Tatizo ni kwamba Jubaland, jimbo lenye visiwa hivi linaloendeshwa kutoka Kismayu, lilisitisha uhusiano na serikali kuu ya Mogadishu Novemba 2024. Kibali cha hoteli kisiwani kitatoka wapi?

Ng'ambo ya mpaka, kwa Wabajuni wa Kenya, Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ilitangazwa 1979, na katiba ya 2010 ikazipa kaunti utalii wa maeneo yao.

Kwa Kismayu, kazi ya kwanza si mabango. Ni daftari la ardhi: Wabajuni wengi walikimbilia Kenya kuanzia 1991, na mwekezaji akitangulia kupimiwa ufuo, wenyewe watarudi wakute uzio.